Kuzichunguza Kazi Kabla ya Kuchagua Masomo: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Wanafunzi wa Upili, Kiamaiko

Katika mitaa ya Kiamaiko, Huruma na Mathare, wazazi na walezi wa wanafunzi wa shule za upili huuliza swali moja kwa namna nyingi: mtoto asomee nini? Wengine huliuliza matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa upili, yakishatoka, wengine siku ya mwisho ya kujaza maombi ya vyuo, na wapo wanaoliuliza karo ikiwa imekwishalipwa na kijana amekwishagundua kwamba kozi aliyoiingia haipendi, au mbaya zaidi, haitambuliwi. Makala haya yanashughulikia hatua inayotangulia swali hilo, yaani kuzichunguza kazi: kuijua kazi ilivyo, kumjua anayeifanya, na kuujua mlango wa kuiingilia, kabla masomo hayajachaguliwa na kabla shilingi haijatolewa.

Ugumu uliopo hautokani na uchache wa kazi za kutazamwa, kwa kuwa kijana wa Kiamaiko huanza kupishana na watu wa kazi tangu alfajiri, akiwa bado njiani kwenda shule. Anachokikosa ni mtu wa kumfafanulia kilichopo kati ya kazi anayoiona na somo, cheti au leseni inayomruhusu mtu kuifanya, au kuifanya ile iliyo ngazi moja juu yake. Mtu huyo si lazima awe amesoma sana. Mama anayeuza matumbo, fundi wa gereji au kaka aliyemaliza Kidato cha Nne anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko afisa anayekuja shuleni mara moja kwa mwaka na kuhutubia wanafunzi mia tatu uwanjani, mradi afuate utaratibu.

Wakati wa kuanza

Shule za Kenya kwa sasa zina mifumo miwili kwa pamoja, na ushauri unaomfaa mwanafunzi wa mfumo mmoja unaweza kumpotosha wa mwingine. Wanafunzi wa 8-4-4, yaani mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, wamebaki katika vidato vya juu tu, na darasa lao la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi, unaopima kile anachoweza mwanafunzi kukitenda zaidi ya kile anachokikariri, walifanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 9, iitwayo KJSEA, mwaka 2025, na Januari 2026 wakawa wa kwanza kuingia Gredi ya 10.

Gredi ya 10 huanza na mkondo, yaani kundi la masomo ambalo mwanafunzi huchagua ndani yake masomo matatu ya kuyasoma kwa kina, pamoja na yale ya lazima kwa wote. Mikondo iliyopo ni mitatu:

- Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kwa kifupi kama STEM;
- Sayansi za Jamii, ambamo mna lugha, historia, jiografia, dini na biashara;
- Sanaa na Michezo.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajalizingatia ni kwamba si kila shule hutoa mikondo yote mitatu, kwa hiyo kuchagua mkondo ni kuchagua shule pia, na uamuzi huo huangukia mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Uchunguzi wa kazi kwa wanafunzi hawa hauna budi kuanza Gredi ya 8. Kwa wanafunzi wa 8-4-4 waliobaki, masomo yamekwishachaguliwa, na kazi iliyobaki ni kulinganisha masomo waliyonayo na kozi zinazoyahitaji, kisha kupandisha alama za somo lile hasa ambalo kozi inalidai.

Hatua ya kwanza: daftari la kazi za mtaani

Mwanafunzi na apewe daftari dogo na Jumamosi moja, atembee kutoka kwao hadi mzunguko wa Kariobangi, na aandike kila kazi anayoiona ikifanywa. Majina makubwa kama daktari, rubani na wakili hayahitajiki katika zoezi hili, kwa kuwa kijana huyajua tayari. Kinachoandikwa ni kazi iliyoonekana kwa macho, chombo kilichoshikwa mkononi, na nani aliyekuwa akimwelekeza nani. Akirudi na kazi chini ya ishirini, basi hakutazama.

Kiamaiko inafaa kwa zoezi hili kwa sababu ya machinjio yake. Mbuzi na kondoo hufika kwa malori, wengi wao kutoka kaskazini mwa nchi, upande wa Isiolo, Marsabit na Moyale, na kati ya lori linapofungua mlango na sahani ya nyama choma mjini mbuzi mmoja hupitia mikono ya watu wengi ambao kila mmoja ana kazi yake. Mtoto aliyezaliwa hapa ameuzoea mnyororo huo kiasi cha kutouona tena, na mara nyingine huuonea haya anapokuwa miongoni mwa wenzake wa shule za bweni. Kazi zifuatazo zinaonyesha jinsi ya kuusoma upya:

- Dalali, anayekadiria uzito wa mnyama kwa kumshika kiunoni na kukubaliana bei bila kuandika chochote. Nyuma ya kazi yake ziko biashara, uhasibu na usimamizi wa usafirishaji.
- Mchinjaji, ambaye kazi yake ina masharti ya dini na ya afya kwa pamoja. Ngazi iliyo juu yake ni uthibitishaji wa halali, ambao nchini Kenya una taasisi zake, na usimamizi wa machinjio.
- Mchunaji wa ngozi, ambaye kisu chake kikiteleza na kuitoboa ngozi, daraja na bei yake hushuka hata kama mbuzi alikuwa mzima kabisa. Nyuma yake iko teknolojia ya ngozi, inayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri, na viwanda vya viatu kama kile cha Bata cha Limuru.
- Mwanamke wa matumbo, vichwa na kwato, ambaye anajua kuosha, kuchemsha na kuhifadhi chakula kinachoharibika haraka kuliko nyama yenyewe. Upishi wa hoteli, unaofundishwa katika Chuo cha Utalii, umbali mfupi kwa matatu hadi Barabara ya Thika, na afya ya umma ni milango miwili inayotoka jikoni mwake.
- Mwendesha bodaboda mwenye sanduku la nyama, anayekimbizana na jua. Nyuma yake yuko fundi wa majokofu, kazi ambayo vijana wachache huitaja na kila bucha huihitaji.

Mkaguzi wa nyama anastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko wote. Yeye hulishika ini, huligeuza, kisha hulikata mkato mfupi kwenye mirija ya nyongo. Akikuta minyoo bapa, ini hilo hutengwa na halifiki mezani kwa mtu. Huyapapasa mapafu, huzikagua tezi, na mwisho ndipo hupiga muhuri wa wino ambao mnunuzi wa Gikomba au Eastleigh huutafuta kabla ya kutoa pesa. Mwanafunzi ambaye amechorewa minyoo bapa ubaoni katika kipindi cha Biolojia, akaikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau, huiona hapa ikiwa na uzito wa shilingi. Ukaguzi huo unaendeshwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356 ya sheria za Kenya, na anayetaka kuufanya hupitia mafunzo ya afya ya mifugo, kama yale ya chuo cha AHITI kilichoko Kabete, au mafunzo ya nyama yanayotolewa Athi River. Juu ya mkaguzi yuko daktari wa mifugo, ambaye husoma shahada ya miaka mitano, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiifundisha katika bewa la Upper Kabete, na ambaye hawezi kufanya kazi bila kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo.

Mwanafunzi anakwenda machinjioni kutazama, na kutazama kuna masharti yake. Mzazi au mwalimu aombe ruhusa kwa msimamizi, mtoto asipewe kisu, wala siku ya kujifunza isigeuzwe kibarua, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kazi za hatari, na sakafu yenye damu na visu ni mahali pa hatari kwa maelezo yoyote.

Machinjio yakimalizika kuchunguzwa, yapo mengine ya karibu: karakana za vyuma na magari za Kariobangi Light Industries, mafundi wa bati wa Kamukunji, maduka ya nguo ya Eastleigh. Mwanafunzi wa mkondo wa Sanaa na Michezo naye ana pa kwenda, kwa sababu Mathare ndiko chama cha michezo cha MYSA kilikoanzia mwaka 1987, na kutokana nacho klabu ya Mathare United ikaundwa mwaka 1994, ikaja kuwa bingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Anayekwenda uwanjani asihesabu wachezaji peke yao. Mwamuzi, kocha, mtaalamu wa kukanda na kutibu misuli, mpiga picha na mtunza hesabu wa klabu wanaendelea na kazi miaka mingi baada ya mchezaji kustaafu.

Hatua ya pili: maswali ya kumuuliza mtu wa kazi

Kutoka katika daftari huchaguliwa kazi tatu, na kwa kila kazi hutafutwa watu watatu wanaoifanya, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa amechoshwa nayo, wa pili akajisifu, na ukweli ukapatikana kwa wa tatu. Mwanafunzi aende na maswali yaliyoandikwa:

1. Aliingiaje katika kazi hii, na nani alimfungulia mlango?
2. Siku ya kawaida huanza na kuisha saa ngapi, na ni sehemu gani ya siku hiyo isiyopendeza?
3. Anayeanza anaweza kutegemea nini katika mwezi mbovu?
4. Kazi hii inaumiza kiungo gani cha mwili?
5. Ni leseni, cheti au kibali gani kinachohitajika, nani hukikagua, na asiye nacho hufanyiwa nini?
6. Angerudi shuleni leo, angelishikilia somo lipi ambalo alilipuuza?

Swali la tatu linahitaji adabu. Kijana akimwuliza mtu mzima moja kwa moja kwamba anapata pesa ngapi, mazungumzo yatafungwa hapo hapo, na hata akijibiwa, jibu litakuwa la kujikinga. Akimwuliza kuhusu anayeanza, mzee huyo atazungumza kwa uhuru, na mara nyingi atamaliza kwa kujieleza mwenyewe. Salamu kamili, kumwita mtu mzee au mama kwa heshima, na kusubiri awahudumie wateja kwanza ni sehemu ya maandalizi, wala visiachwe kwa kudhani kwamba mtoto anavijua.

Yapo pia maswali ya kwenye simu yanayodai kumwambia mtu kazi inayomfaa kwa kubofya majibu thelathini. Hayana madhara makubwa, na mwanafunzi anaweza kuyajaribu kwa kujifurahisha, ila jioni moja na fundi wa umeme humfundisha zaidi.

Hatua ya tatu: kuutafuta mlango

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo maelezo yatakuwa marefu kidogo. Chombo cha serikali kinachowapanga wanafunzi wa 8-4-4 katika vyuo baada ya KCSE ni KUCCPS, ambacho hupokea maombi kwa mtandao na kuwagawa waombaji kwa kufuata alama na nafasi zilizopo. Ngazi za kuingilia, kwa ujumla wake, zimepangwa kwa alama ya wastani ya KCSE:

- C+ na zaidi: shahada ya chuo kikuu;
- C- na zaidi: diploma;
- D na zaidi: cheti cha ufundi;
- chini ya hapo: mafunzo ya ufundi stadi ya ngazi za mwanzo, ambayo hayamfungii mlango hata mwenye E.

Alama hizo ni sakafu, na wazazi wengi huzichukua kuwa ndizo mlango wenyewe. Kila kozi ina masomo yake ya lazima na alama zake ndani ya masomo hayo. Diploma ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, hudai wastani wa C, ingawa sakafu ya diploma kwa jumla ni C-, na juu yake hudai alama katika lugha na Biolojia. Uhandisi wa shahada hudai Hisabati, Fizikia na Kemia, na mwenye wastani mzuri wa B aliyepata D katika Fizikia hataingia, huku mwenzake wa B- aliyezishikilia sayansi tatu akiwa na nafasi ya kufikiriwa.

Zaidi ya hayo, KUCCPS hutumia pointi za kundi, yaani hesabu inayotokana na masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na matokeo ya jumla. A ina pointi 12, kwa hiyo kilele cha masomo manne ni 48. Kozi inayogombewa na wengi hupanda pointi mwaka huu na pengine kushuka mwaka ujao, ndiyo maana pointi za mwaka uliopita hutazamwa kama dalili tu.

Baada ya kuijua kozi, familia iulize maswali matatu kuhusu chuo, na isikubali kujibiwa kwa karatasi ya matangazo:

1. Je, chuo chenyewe kina kibali? Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na vyuo vya kiufundi na mamlaka ya TVETA.
2. Je, kozi hii, katika bewa hili, imeidhinishwa?
3. Je, bodi ya taaluma inaitambua? Wahandisi wana EBK, wauguzi wana Baraza la Wauguzi, na taaluma nyingi za afya zina mabaraza yao.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na gharama yake ni kubwa. Kenya imewahi kuwa na wahitimu wa uhandisi wenye shahada halali za vyuo vikuu halali walionyimwa usajili kwa sababu bodi ya wahandisi haikuwa imeziidhinisha kozi zao.

Kwa kijana ambaye amejifunza ufundi karakanani bila cheti, mlango uko katika NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la III, la II na la I, kuanzia la chini kwenda la juu. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Kariobangi ambaye mkono wake unajulikana mtaa mzima huulizwa karatasi anapoomba kazi kwa mkandarasi, na mtihani huo ndio unaomgeuza kutoka kwa mtu anayejua kuwa mtu anayeweza kuthibitisha kwamba anajua.

Hatua ya nne: njia ya pili ya kwenda pale pale

Mpango wa kazi usiandikwe kwa mstari mmoja. Mwanafunzi anayetaka uhandisi wa mitambo aandike njia ya shahada, na chini yake aandike njia ya diploma katika chuo kama Kabete National Polytechnic, kisha kuendelea na shahada baadaye, na chini yake tena njia ya cheti au ya karakana na mtihani wa NITA. Njia ya pili huchukua miaka mingi zaidi, lakini hufika. Anayetaka uhasibu ana mfano ulio wazi: bodi ya KASNEB humpokea mwenye C+ katika mtihani wa CPA, na mwenye C- katika ule wa ATD, ambao nao huelekea kwenye CPA.

Kosa la kawaida ni kuandika njia ya pili ambayo haina uhusiano na ya kwanza, kwa mfano udaktari, na ukishindikana, ualimu, na ukishindikana, uanajeshi. Huko ni kuorodhesha majina yenye heshima. Aliyevutwa na kazi ya kutibu akikosa pointi za udaktari bado ana ofisa wa kliniki, mtaalamu wa maabara, mtaalamu wa dawa wa diploma na mkaguzi wa nyama, ambao wote humfikisha karibu na kile kilichomvuta.

Pingamizi zinazosikika mara kwa mara

*"Pesa ya chuo haipo."* Jibu huanza na karatasi. Bodi ya HELB huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi vilevile, jambo ambalo wengi hawalijui na hudhani mkopo ni wa chuo kikuu pekee. Basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, hutolewa kupitia eneobunge, na wadi ya Kiamaiko iko katika Mathare. Serikali ya kaunti nayo ina basari zake, pamoja na vyuo vya ufundi inavyovisimamia yenyewe. Basari humpita mwenye haki kwa sababu ya kukosa fomu kwa wakati, mara nyingi kuliko kwa sababu ya fitina, ingawa fitina nayo haikosi.

*"Waliosoma wamejaa mtaani bila kazi."* Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na si busara kulipuuza. Ndiyo maana kabla ya kulipa karo, mwanafunzi atafute watu watatu waliomaliza kozi hiyo hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita na awaulize wako wapi. Chuo kisichoweza kumwonyesha hata mmoja kimekwishajibu.

*"Sisi ni watu wa biashara, mtoto atarithi."* Arithi, na aje na kitu. Mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi anayejua hesabu za vitabu, kodi na magonjwa ya mifugo hurithi biashara iliyo kubwa kuliko aliyoiacha baba. Kumwondoa shuleni Kidato cha Tatu ili asimamie mbuzi ni kuchukua mfanyakazi wa bei rahisi kutoka nyumbani.

*"Kazi hiyo si ya wasichana."* Jokofu halijui linatengenezwa na nani. Hofu ya mzazi kuhusu usalama wa binti njiani au kazini ni hofu ya haki, nayo hujibiwa kwa kuuliza kuhusu saa za kazi na usafiri, bila kulifuta somo la Fizikia.

*"Mtoto hajui anachotaka."* Hilo ni la kawaida katika umri huo, na daftari lililoelezwa hapo juu limetengenezwa kwa ajili yake.

Makosa ya siku ya kujaza maombi

Maombi mengi ya Kiamaiko hujazwa katika saiba, katikati ya foleni, huku mhudumu akibofya na mwanafunzi akisimama nyuma ya kiti. Hapo hutokea mambo yafuatayo, yote yanayoepukika:

- Mhudumu hubaki na nywila, yaani neno la siri, na mwanafunzi hawezi kurekebisha chaguo lake baadaye.
- Nafasi zilizobaki hujazwa na kozi ambazo mhudumu amewajazia wateja kumi waliotangulia.
- Nambari ya simu inayoandikwa ni ya saiba, na ujumbe wa chuo haumfikii mwenyewe.
- Kozi mbili zenye majina yanayokaribiana huchanganywa, kwa kuwa hakuna aliyeandika nambari yake ya kozi nyumbani.

Mwanafunzi afike akiwa na orodha iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa na jina la kozi, nambari yake na chuo, na mhudumu aifuate orodha hiyo kama fundi afuatavyo vipimo.

Tahadhari kuhusu matapeli

Mtu anayedai kuuza nafasi katika KMTC, polisi au jeshi ni tapeli, kwa kuwa usajili wa jeshi haulipiwi na nafasi za vyuo hupangwa kwa mfumo. Mawakala wa kazi za Ghuba wanaowaendea vijana wa miaka kumi na minane mara tu baada ya KCSE wachunguzwe katika orodha ya mawakala waliosajiliwa inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na pasipoti isikabidhiwe kwa wakala aliyekutana na familia mkahawani. Chuo kinachomsisitiza mzazi alipe leo hii ili apate punguzo, kabla hajakitembelea, kiachwe.

Stakabadhi

Kazi nyingi za kuchunguza huharibika mwisho kwa jina moja lililoandikwa kwa namna mbili. Jina katika cheti cha kuzaliwa, katika usajili wa mtihani na katika kitambulisho liwe lile lile, kwa herufi zile zile, na marekebisho yafanywe mtoto akiwa bado shuleni. Jambo hili linazigusa zaidi familia za Kiamaiko zenye asili ya kaskazini, ambazo vijana wao kwa miaka mingi walipitia ukaguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba ukaguzi huo unaondolewa. Tangazo halimletei mtu kitambulisho nyumbani. Kijana anayetimiza miaka kumi na minane aende kuomba mwezi huo huo, kwa sababu leseni ya udereva na mkataba wa kazi vyote humngoja mwenye kitambulisho mkononi.

Mzazi ambaye mtoto wake yumo katika darasa la KCSE ya 2027 ana sababu moja zaidi ya kuharakisha: hilo ndilo darasa la mwisho la 8-4-4, na hakuna jingine nyuma yake ambalo mtoto atakayetaka kurudia anaweza kuungana nalo.